Utafutaji wa mahali pa kupigia picha za jarida

Utafutaji wa mahali pa kupigia picha (huitwa pia kutafuta lokesheni, hasa na watengenezaji wa filamu na video za muziki) ni kazi ya kwenda kuangalia, kupima na kuchagua mahali pa nje patakapotumika kwa picha za jarida, kabla siku ya kupiga picha haijafika. Kazi hiyo hufanywa na mpigapicha mwenyewe, msaidizi wake, mhariri wa picha au mtu aliyeajiriwa kwa shughuli hiyo tu.

Lengo si kupata mahali pazuri tu. Mahali palepale huweza kufaa saa 1 asubuhi na kutofaa saa 6 mchana, kufaa Januari na kutofaa Aprili. Tena mahali pazuri huwa na wenyewe. Kwa hiyo anayetafuta hana budi kujibu maswali matatu: mwanga utakuwaje saa ya kazi? Mahali penyewe patakuwaje saa hiyo? Na nani ana haki ya kuruhusu? Swali moja likiachwa bila jibu, hasara huonekana siku ya picha, wakati mwanamitindo, mpambaji, mwenye mavazi na dereva wamekwisha fika na wanalipwa.

Historia

Mwanzoni mwa karne ya 20 picha nyingi za mitindo zilipigwa studioni, mwanamitindo akiwa ametulia chini ya taa. Mwaka 1933 Martin Munkácsi (1896–1963), mpigapicha kutoka Hungaria aliyezoea kupiga picha za michezo, alimpiga picha Lucile Brokaw akikimbia ufukweni huko Long Island, New York, kwa ajili ya jarida la Harper's Bazaar. Alivaa mavazi ya kuogelea, ingawa siku yenyewe ilikuwa ya baridi. Picha hiyo ilitoka katika toleo la Desemba 1933, nayo huhesabiwa kati ya picha zilizoanza kuwatoa wanamitindo studioni.

Toni Frissell (1907–1988) wa Marekani alijulikana kwa kupenda kufanya kazi nje. Mwaka 1947 alipiga picha ya mwanamke mwenye gauni refu akielea ndani ya maji ya chemchemi ya Weeki Wachee, Florida. Maji ya chemchemi hiyo ni maangavu sana. Bila hayo picha isingewezekana. Hapo mahali palikuwa sehemu ya picha yenyewe, si pazia la nyuma tu.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, safari za ndege ziliyawezesha majarida kwenda mbali zaidi. Louise Dahl-Wolfe alipiga picha za mitindo Tunisia mwaka 1950. Toleo la kwanza la mavazi ya kuogelea la Sports Illustrated, la Januari 1964, lilikuwa na picha zilizopigwa kisiwa cha Cozumel, Mexico. Afrika ya Mashariki nayo imetumika: Juni 2007 jarida la Vogue la Marekani lilitoa picha za mwigizaji Keira Knightley zilizopigwa Kenya na Arthur Elgort.

Kadiri safari zilivyorefuka ndivyo gharama ya kukosea ilivyokua. Studioni taa ikikosewa husogezwa; nje jua halisogezwi.

Maandalizi

Kazi huanza kwa maelekezo ya mhariri: habari inahusu nini, nguo ni za rangi gani, picha ngapi zinahitajika, na kama zitachapishwa kwa wima au kwa ulalo. Ukurasa wa jalada huhitaji nafasi tupu juu, mahali pa jina la jarida. Anga safi au ukuta mtupu hufaa kuliko matawi yaliyojaa. Gauni la kijani hupotea mbele ya mashamba ya chai, lakini jekundu huonekana wazi.

Kisha hutazamwa ramani, picha za setilaiti na picha zilizopigwa na wageni waliotangulia. Hizo husaidia kupunguza orodha, lakini hazitoshi. Picha ya setilaiti haionyeshi kelele ya mashine ya kusaga, harufu ya dampo wala nyaya za umeme zilizopita mbele ya mlima. Ni lazima kwenda, na inafaa kwenda saa ileile ambayo picha zitapigwa.

Mwanga

Mwanga wa jua la chini, asubuhi na jioni, hupendwa kwa sababu ni laini, una rangi ya manjano na huja kwa ubavu. Vitabu vingi vya upigaji picha viliandikwa katika nchi zilizo mbali na ikweta, na visiposomwa kwa uangalifu huweza kupotosha. Karibu na ikweta jua huchomoza na kutua karibu wima. Hutumia takriban dakika 24 kupanda nyuzi 6 kutoka upeo wa macho, wakati London mwezi Machi hutumia karibu dakika 40. Kwa hiyo kikosi kinachofanya kazi Dar es Salaam au Nairobi kina muda mfupi zaidi, na kila kitu kinapaswa kuwa tayari kabla ya mapambazuko.

Njia ya kupima isiyohitaji chombo ni kutazama kivuli. Kivuli cha mtu kikiwa kirefu kuliko yeye mwenyewe, jua liko chini ya nyuzi 45 na uso hupata mwanga vizuri. Kikiwa kifupi kuliko yeye, jua limepanda mno na macho huanza kuingia gizani chini ya nyusi. Katika sehemu nyingi za Kenya na Tanzania hali hiyo ya pili hudumu takriban kutoka saa 3 na nusu asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri. Muda huo hutumika kwa picha za kivulini, chini ya mti mkubwa au barazani.

Mwelekeo wa jua hubadilika pia kwa miezi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na Desemba hupita upande wa kusini. Ukuta unaotazama kaskazini hupata jua la mchana Juni, lakini Desemba hukaa kivulini. Aliyeutembelea ukuta huo Juni na kupanga picha za Desemba atakuta ukuta mwingine. Dira na tarehe huandikwa pamoja kwa sababu hiyo.

Kama kuna kilima au jengo upande wa magharibi, jua hupotea mapema kuliko saa ya machweo iliyoandikwa kwenye jedwali. Ili kukadiria, mtu hunyoosha mkono na kuhesabu ngumi kati ya jua na kilele, bila kulikodolea jua macho. Ngumi moja ni karibu nyuzi 10, na karibu na ikweta ni sawa na takriban dakika 40.

Bahari na majira

Pwani huhitaji hesabu ya ziada. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa Zanzibar hufika mita 3 hadi 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana.

Matokeo yake ni kwamba pwani moja ni mahali pawili. Mfano ni pwani ya mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani. Maji yakijaa, mtafutaji huona bahari ya buluu inayofika karibu na minazi. Yakipwa, bahari huenda mbali na kuacha uwanda mpana wa mchanga, mawe na madimbwi, wenye vijiti na kamba za mashamba ya mwani. Wakulima wa mwani, walio wengi wao wanawake, hufanya kazi saa hizo za maji kupwa. Kwa kuwa saa husogea dakika 50 kila siku, baada ya siku 7 hali huwa karibu kinyume: saa ambayo maji yalikuwa yamejaa, sasa yamekupwa. Mtu aliyetembelea Jumatatu asubuhi na kuagiza kikosi kije Jumatatu inayofuata saa ileile hatakuta bahari aliyoiona. Atakuta watu wako kazini shambani kwao, naye hana haki ya kuwaondoa wala ya kukanyaga kamba zao.

Upande wa pwani una maana pia. Paje jua huchomoza baharini. Ufukwe wa Forodhani, Mji Mkongwe, hutazama magharibi na jua hutua baharini. Pepo nazo zina majira yake. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na kusi takriban Mei hadi Septemba. Kusi hutoka kusini-mashariki na kuipiga pwani ya mashariki ya Unguja moja kwa moja, hata nywele zisitengenezeke na vitambaa vya kuakisi mwanga visishikike. Mvua za masika, takriban Machi hadi Mei, hufunga barabara nyingi za udongo.

Bara, kilele cha Kibo huonekana mara nyingi mapema asubuhi au jioni, na mchana hufunikwa na mawingu. Anayetaka Mlima Kilimanjaro nyuma ya mwanamitindo hupanga siku zaidi ya moja.

Vibali na wenyeji

Picha za biashara hazihesabiwi sawa na picha za mtalii. Katika hifadhi za taifa za Tanzania kibali huombwa TANAPA, na Kenya huombwa Shirika la Huduma za Wanyamapori. Maeneo ya kale kama Gedi yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo karibu na Dar es Salaam ni maeneo tengefu ya bahari. Ndege zisizo na rubani zina kibali chake cha mamlaka ya usafiri wa anga, katika nchi zote mbili. Kambi za jeshi, ikulu, viwanja vya ndege na bandari havipigwi picha bila ruhusa maalumu, hata vikionekana kwa mbali tu nyuma ya picha.

Nje ya maeneo hayo, ardhi bado ina msimamizi. Tanzania Bara, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, hivyo mgeni huanza kwa mwenyekiti au ofisa mtendaji wa kijiji. Zanzibar huanza kwa sheha, na Kenya kwa chifu. Kibali cha wizara hakiondoi haja ya kubisha hodi. Mwenye nyumba, mwenye shamba na mwenye ngalawa huombwa kila mmoja kwa mali yake.

Watu watakaoonekana katika picha huelezwa mapema jarida ni gani, picha zitatumikaje na malipo ni kiasi gani, kwa lugha wanayoielewa, kabla ya kutia saini. Kwa mtoto, ridhaa hutoka kwa mzazi au mlezi. Katika miji kama Lamu na Mji Mkongwe huangaliwa pia saa za sala, mwezi wa Ramadhani na mavazi yanayofaa mitaani. Mavazi yanayokubalika ndani ya ua wa hoteli huweza kuwavunjia heshima watu wa mtaa wa pili.

Ripoti ya mahali

Baada ya ziara huandikwa ripoti fupi kwa mhariri na mpigapicha. Kwa kawaida ina mambo yafuatayo:

- picha za pande zote nne, kila moja na mwelekeo wa dira, tarehe na saa;
- saa za mapambazuko, machweo, maji kujaa na maji kupwa kwa siku iliyopangwa;
- umbali kutoka mahali pa kuegesha gari, na hali ya njia mvua ikinyesha;
- mahali pa kubadilishia nguo, choo, maji ya kunywa, kivuli na umeme;
- mawasiliano ya simu na zahanati au hospitali ya karibu;
- hatari, kama vile mkondo wa maji, ukingo mbovu, nyoka au wanyama wakali;
- jina la aliyetoa ruhusa, masharti yake na ada;
- mahali pa akiba, ikiwa mvua itanyesha.

Saa huandikwa kwa njia zote mbili, kwa mfano saa 12 asubuhi (06:00). Programu za simu hutumia hesabu ya kimataifa, na dereva aliyeambiwa "saa 6" huweza kufika adhuhuri.

Athari kwa mahali

Picha iliyopendwa huvuta watu. Ghuba ya Maya nchini Thailand, iliyoonekana katika filamu The Beach ya mwaka 2000, ilipata wageni wengi hata matumbawe yakaharibika. Ilifungwa mwaka 2018 na kufunguliwa tena mwaka 2022 kwa masharti, likiwemo la mashua kutoingia ndani ya ghuba. Ingawa mfano huo ni wa filamu, jarida nalo huweza kuleta matokeo kama hayo. Kwa sababu hiyo baadhi ya wahariri hutaja wilaya au nchi tu, bila kutaja mahali penyewe, hasa penye viota vya ndege, matumbawe au magofu yasiyo na mlinzi.

Kikosi huondoka na taka zake, hakikati matawi ili kupanua mandhari na hakipandi kuta za magofu. Ahadi zilizotolewa wakati wa ziara ya kwanza, kama kuleta nakala ya jarida kijijini, hutimizwa. Anayefuata kuja kutafuta mahali hapohapo atapokewa kulingana na jinsi aliyemtangulia alivyoondoka.

Tazama pia

- Upigaji picha
- Jarida
- Kupwa na kujaa kwa bahari
- Mji Mkongwe