Misheni, Neno Lililolowea Masasi

Bibi yangu, Mmakua wa Masasi, alikuwa na Misheni tatu. “Nakwenda Misheni” ni Mtandi, kusali. “Amelazwa Misheni” ni Ndanda, kwa Wabenediktini waliofika mwaka 1906. “Yule ni wa Misheni” ilikuwa habari ya ukoo, na hapo alishusha sauti.

Waingereza walilileta neno hili kwa maana ya kutumwa. Wito alioutoa mmisionari Livingstone huko Cambridge mwaka 1857 ndio uliozaa UMCA, shirika la misheni la Kianglikana, na mwaka 1876 Askofu Edward Steere akatoka Unguja na watu walioachiwa huru utumwani, wakapitia Lindi. Nia ilikuwa kusonga mbele kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakaiona ardhi inafaa, wakajenga. Waliotumwa wakalowea.

Sasa, katika nchi hii ya Wamakua, Wayao na Wamakonde, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji wako kwenye posa, kesi na msiba. Aliyeuzwa angali mtoto atamtaja mjomba gani? Misheni ndiyo iliyokuwa mjomba wake: ilimpa kiwanja, ikamwozesha, ikambatiza jina. Ndiyo maana bibi alinong’ona. Kumwita mtu wa Misheni kulikuwa kumkumbusha utumwa kwa adabu.

Mwaka 1882 Wangoni, wenyeji wakiwaita Magwangwara, waliivamia Masasi na kuondoka na mateka. Mmisionari Chauncy Maples akaihamishia kazi Newala, juu kwa Sultani Matola, na neno likapanda naye uwanda wa Makonde. Baadaye Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi iliyoundwa mwaka 1926, akaliingiza hata kumbini: wavulana wa Kikristo wakawa na jando lao, lenye sala na padri, kando ya jando la mila.

Wajukuu wamelikuta tena Dar es Salaam. Huko mtu wa misheni tauni hana ajira wala duka. Leo kauza simu ya mkononi, kesho kampeleka mteja kwa dalali wa viwanja, apate chake. Wazee wangu wa kanisani hukereka wakilisikia. Mimi naona vijana hawajakosea. Anayeshuka kutoka Newala na kuingia mjini bila mjomba wa kumpokea yuko pale pale walipokuwa watu wa Steere, ila yeye hapewi kiwanja.