Mashamba ya Djugu yanavyoonekana kutoka angani

NIZI – Familia nyingi zilizokimbia vijiji vya wilaya ya Djugu tangu Desemba 2017 hazijui tena hali ya mashamba yao. Wengine waliacha mihogo ardhini, wengine maharagi yaliyokaribia kuvunwa. Lakini kila baada ya siku chache kuna mtambo unaopita juu ya mashamba hayo na kuyapiga picha, kuwe na amani au kuwe na vita. Mtambo huo ni setilaiti. Picha zake ni kati ya vitu vinavyotazamwa na wakubwa wa misaada wanapoamua wapi kuna njaa. Ndiyo maana inafaa kila mkulima ajue kazi hiyo ilianza wapi, inaona nini na haioni nini.

Haikuanza kwa sababu ya njaa. Ilianza kwa sababu ya biashara. Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti ya ERTS-1, ambayo baadaye iliitwa Landsat 1. Mwaka huohuo mavuno ya nafaka yaliharibika katika Umoja wa Kisovieti. Wasovieti walinunua nafaka nyingi ya Marekani kimyakimya, na bei ikapanda duniani. Hapo Wamarekani walielewa kwamba anayejua mapema mavuno ya mwenzake ana nguvu sokoni. Mwaka 1974 walianzisha mradi wa LACIE wa kukadiria ngano kutoka angani. Mwaka 1977 makadirio yao juu ya ngano ya Wasovieti yalikaribia sana hesabu iliyotangazwa na Moscow.

Afrika iliingia zaidi katika habari hiyo kwa sababu ya njaa kubwa ya Ethiopia na Sahel ya miaka 1984 na 1985. Watu walikufa kwa wingi, na dunia ikasema imechelewa kujua. Mwaka 1985 Marekani ilianzisha FEWS, mtandao wa kutoa onyo la njaa mapema, ambao leo unaitwa FEWS NET. Shirika la FAO lilikuwa na mfumo wake tangu miaka ya 1970.

Setilaiti inafanyaje kujua kama mmea ni mzima? Jani lenye afya linameza mwanga mwekundu, na linarudisha kwa wingi mwanga mwingine ambao macho ya mtu hayauoni. Jani lililokauka halifanyi hivyo. Setilaiti inapima mianga hiyo miwili, kisha inatolewa namba inayoonyesha ukijani. Namba hiyo inalinganishwa na ya miaka iliyopita. Ikishuka sana katikati ya msimu, ni dalili kwamba mvua imekosekana au mimea imepata shida.

Tatizo la zamani lilikuwa udogo wa mashamba yetu. Nukta moja ya picha za Landsat 1 ilifunika karibu mita 80 kwa 80, yaani eneo linalokaribia uwanja wa mpira. Shamba la familia moja lingepotea ndani yake. Leo setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, zinaona hadi mita 10 kwa 10. Na tangu 2008 picha za Landsat, pamoja na zile za zamani, zinatolewa bila malipo.

Hapa jirani, katika Karamoja nchini Uganda, namba ya ukijani imekwisha kuleta faida. Tangu 2016, namba hiyo iliposhuka chini ya kiwango kilichowekwa, kazi za muda za malipo ziliongezwa kwa familia maskini kabla njaa haijawa kali.

Lakini Karamoja ni nchi kavu. Huko, majani yakikauka, mifugo na watu wanaumia. Djugu si hivyo. Hapa mvua ni nyingi, na mawingu yanaziba picha mara kwa mara. Zaidi ya hayo, shamba lililoachwa halikauki. Linaota majani na vichaka, na kutoka juu linaweza kuonekana kijani kama shamba lililopaliliwa vizuri. Ukijani si chakula. Na hata kama mihogo ni mizima, setilaiti haionyeshi kama mwenyewe anaweza kufika kuing'oa, wala nani anaivuna.

Mfano wa Tigray, nchini Ethiopia, unasaidia kuelewa. Mwaka 2021, vita ikiendelea, watafiti waliangalia picha za setilaiti, tena wakakusanya maneno ya wakulima wenyewe. Picha zilionyesha kwamba mashamba mengi yalilimwa. Wakulima ndio walioeleza kwamba walipanda mazao yasiyotaka kazi nyingi, na mbolea ilikosekana. Bila maneno yao, picha ingesema nusu ya habari tu.

Jicho hilo lina udhaifu mwingine pia: linategemea watu wa kulisoma. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, kazi ya FEWS NET ilisimama kwa miezi kadhaa. Setilaiti ziliendelea kupita, lakini maonyo yake hayakuwa yakitoka.

Kwa hiyo watu wanaopita kambini na maswali juu ya mashamba na chakula hawaulizi bure. Majibu ya mkimbizi ndiyo yanayojaza pengo la picha: aliacha nini shambani, tarehe gani, shamba liko upande gani, na kama leo kuna njia ya kulifikia. Jambo moja lisichanganywe. Picha ya zamani inaweza kuonyesha kwamba mahali fulani palilimwa mwaka fulani. Haisemi nani alipalima, na haiwezi kuchukua nafasi ya mashahidi au karatasi za ardhi. Hilo linabaki kwa wazee, majirani na sheria.