Dola Zilizopitia Schiphol

Nilipoanza shahada ya uzamili niliamini kwamba deni la nje huanzia ikulu. Kisha nikakutana na Siegmund Warburg, na mpaka leo sijajua kama nampenda.

Alizaliwa mwaka 1902 kusini mwa Ujerumani, katika ukoo wa Kiyahudi uliokuwa na benki Hamburg tangu 1798. Wanazi walipotwaa madaraka alihamia London, na mwaka 1934 akaanzisha kampuni ndogo iliyoitwa New Trading Company. Jina la ukoo hakulibandika mlangoni hadi 1946. Wenye mabenki wa jiji lile walimwona mgeni asiyejua adabu zao, na alikuwa na mambo yake: aliyeomba kazi kwake alipimwa tabia kwa mwandiko. (Mimi ningerudishwa nyumbani siku hiyo hiyo.) Mapema 1959 aliwashinda wakubwa hao katika vita vya kuinunua British Aluminium. Hapo wakaanza kumsalimia.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni Julai 1963. Dola nyingi zilikuwa zimelala katika mabenki ya Ulaya, ilhali Mzungu aliyetaka kukopa dola alizifuata New York. Warburg na wenzake wakapanga mkopo wa dola milioni 15, wa miaka 15, kwa jina la Autostrade, kampuni ya barabara kuu za Italia. Hebu tazama safari yake. Mkopaji yuko Italia, fedha ni ya Marekani, benki iko London. Hati zinatolewa katika uwanja wa ndege wa Schiphol, Uholanzi, ili kukwepa ushuru wa stempu wa Uingereza. Riba inalipwa Luxembourg ili isikatwe kodi. Hati yenyewe haina jina la mtu. Anayeishika ndiye mwenye mali.

Hiyo ndiyo Yurobondi ya kwanza. Mwezi huo huo Kennedy alipendekeza kodi juu ya hati za kigeni zilizonunuliwa na Wamarekani, na wakopaji wakazidi kugeukia London.

Juni 2014 Kenya nayo ilipita njia hiyo, ikakopa dola bilioni 2. Februari 2024, ili kulipa sehemu iliyokuwa ikiiva, ikakopa tena bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75. Deni la zamani liliiva Juni 24. Kesho yake vijana waliopinga Muswada wa Fedha waliingia Bungeni, nami nilikuwa nampigia mdogo wangu simu isiyoshikwa. Alipatikana saa nne usiku, macho mekundu, kiatu kimoja.

Msimamizi wangu alilizungushia duara neno "kukwepa" katika rasimu yangu. Akaandika pembeni: "Sheria gani ilivunjwa? Andika kuepuka."

Ana haki. Hakuna iliyovunjwa. Rasimu ina wiki mbili mezani, na neno bado ni lile lile.