Waya Uliopita Mlangoni

Historia ya mawasiliano ya nchi yetu huandikwa kwa majina ya mashirika na tarehe za sheria. Sisi wa Temeke tunaijua kwa urefu wa safari. Mtu wa Tandika au Mbagala mwenye neno la haraka aende mpaka wapi, na atoe shilingi ngapi?

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la posta na simu nalo lilikufa, na Tanzania ikaunda lake. Simu ya mezani miaka ile ilikuwa kitu cha maofisi na cha nyumba za wakubwa. Nguzo zilifuata barabara. Uswahilini zilipita tu. Ukifiwa, habari ilisafiri kwa tangazo la Redio Tanzania, ama kwa kipande cha karatasi alichokabidhiwa kondakta wa basi liendalo Rufiji.

Sheria za mwaka 1993 zililigawa shirika hilo, posta ikaenda upande wake na simu zikawa za TTCL. Mwaka 1994 Mobitel ikaleta simu za mkononi jijini. Vodacom ikafuata mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001. Lakini mnara peke yake haukuifikisha simu kwetu. Iliyoifikisha ni vocha ndogo, ambayo mama ntilie aliimudu kwa faida ya siku moja. Ni kibanda ambamo mwenye simu moja aliwauzia majirani dakika. Ni kubipu, hila ya mwenye mfuko mtupu kumwomba mwenye nacho ampigie. Watu waliikata bei vipande vipande mpaka ikaenea kiganjani mwao.

Intaneti imepita njia hiyo hiyo. Zamani ilitegemea setilaiti, ikawa ghali mno. Julai 2009 waya wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulianza kazi Dar es Salaam. Mwaka 2010 ukaja wa EASSy, na Mkongo wa Taifa ukaichukua huduma hiyo kuelekea mikoani. Kabla ya hapo, sheria ya mwaka 2006 ilikwisha kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaosaidia kujenga minara pasipo na faida kwa kampuni. Sheria hiyo haikutaja vijiji tu. Ilitaja pia sehemu za mijini zenye huduma hafifu. Waliokaa pembezoni mwa jiji wanalielewa neno hilo bila kufafanuliwa.

Siku hizi mkopo wa mwanafunzi wa chuo kikuu huombwa kwa mtandao, na kazi za serikali vivyo hivyo. Mtaani kwangu nawaona vijana wakipanga foleni kwenye steshenari, wakimlipa mtu awajazie fomu na kumwachia namba zao za siri. Steshenari imekuwa kibanda cha simu cha zama hizi, na ninaishukuru. Ila kuna tofauti kubwa. Kibandani mtu alinunua dakika na kusema maneno yake mwenyewe. Hapa anamkabidhi mwingine jina lake na mustakabali wake.

Basi tunapohesabu minara na kilomita za waya, tuhesabu na hili: ni wangapi wanaoweza kununua kifurushi cha kutosha kujaza fomu yao wenyewe, nyumbani kwao, bila kumpa mtu ufunguo? Mpaka hapo, waya utakuwa umepita mlangoni tu.