Bastola ndogo za mfukoni: kwa nini hukwama, na nani huzipima

Bastola ndogo inayoingia katika mfuko wa suruali imekuwa ikiuzwa nchini Marekani kwa zaidi ya miaka 100 kwa ahadi moja, kwamba mwenye nayo hatalazimika kuiacha nyumbani. Ahadi hiyo ni ya kweli. Lisilosemwa mara nyingi dukani ni kwamba udogo huohuo unaoifanya ibebeke kwa urahisi ndio unaoifanya ikwame kwa urahisi, na kwamba hakuna chombo cha serikali kuu ya nchi hiyo chenye mamlaka ya kumlazimisha mtengenezaji aiondoe sokoni bastola yenye kasoro.

Chanzo cha tatizo kimo katika umbo. Bastola inayojipakia yenyewe hutumia nguvu ya risasi iliyopigwa kusukuma nyuma sehemu ya juu inayoteleza. Sehemu hiyo inaporudi nyuma hutoa ganda tupu, kisha springi huirejesha mbele ikiwa imechukua risasi nyingine kutoka katika magazini. Kazi hiyo yote hukamilika kwa sehemu ndogo ya sekunde. Katika bastola kubwa, sehemu inayoteleza ni nzito na safari yake ni ndefu, hivyo ganda hupata nafasi ya kutoka na risasi inayofuata hupata muda wa kupanda. Katika bastola ya mfukoni sehemu hiyo ni nyepesi, huenda kasi zaidi, na safari yake ni fupi. Springi iliyochoka, risasi yenye baruti hafifu au mdomo wa magazini uliopinda kidogo tu hutosha kuacha ganda limebanwa njiani.

Mkono wa mpigaji nao ni sehemu ya mtambo. Bastola isiyofika gramu 300 haina uzito wa kutosha kutulia yenyewe, na mpigaji asipoishika kwa nguvu, silaha nzima hurudi nyuma pamoja na sehemu inayoteleza na mzunguko haukamiliki. Hapo ndipo ugumu unapozidi, kwa kuwa mpini wake ni mfupi kiasi kwamba kidole cha mwisho hukosa pa kushika, na springi yake ni ngumu kuvuta kwa mtu mwenye mikono dhaifu. Wanunuzi wengi huichagua wakidhani ndogo ni rahisi, na wauzaji si wepesi wa kuwasahihisha. Mfuko wenyewe huongeza yake: nyuzinyuzi za nguo, vumbi na jasho huingia ndani ya silaha ambayo nafasi kati ya vipande vyake ni finyu tangu awali.

Wabunifu walilifahamu tatizo hilo mapema. Mwanzoni mwa karne ya 20, John Browning alibuni bastola ya mfukoni iliyotengenezwa na kampuni ya FN ya Ubelgiji, pamoja na risasi yake ya milimita 6.35. Risasi ndogo iliyokuwa maarufu wakati huo, ya .22, ina ukingo unaochomoza chini ya ganda, na kingo hizo huweza kunasana ndani ya magazini. Risasi ya Browning ilipunguza kero hiyo, ingawa nguvu yake ilibaki ndogo.

Sheria ya Marekani ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 1968 iliingilia kati kwa njia iliyozaa matokeo yasiyotarajiwa. Bastola ndogo kutoka nje zilizuiwa kwa kipimo cha alama kinachozingatia ukubwa, uzito na vifaa vya usalama. Walther PPK ya Ujerumani, silaha yenye sifa nzuri, ilishindwa kufikia kipimo hicho, na kampuni ikalazimika kuitengenezea kiunzi kirefu zaidi na kuiita PPK/S. Kipimo hicho hakikuwahusu watengenezaji wa ndani. Kuanzia miaka ya 1970, viwanda vya eneo la Los Angeles viliuza kwa wingi bastola ndogo za bei nafuu zilizotengenezwa kwa aloi ya zinki, metali laini inayoyeyuka kwenye joto dogo. Majimbo kadhaa, likiwemo Illinois, yalijibu kwa kuzuia uuzaji wa bastola za aina hiyo kwa kigezo cha joto la kuyeyuka.

Kasoro haziishii kwenye bastola za bei ya chini. Mwezi Oktoba mwaka 2008 kampuni ya Ruger iliwataka wanunuzi wa bastola yake ya LCP, iliyoingia sokoni mwaka huohuo, kuzirudisha kwa marekebisho bila malipo, kwa kuwa iliwezekana kufyatuka ikianguka huku risasi ikiwa ndani ya mtutu. Hatua hiyo ilikuwa ya hiari. Sheria ya Usalama wa Bidhaa ya mwaka 1972, iliyounda tume yenye uwezo wa kuondoa sokoni bidhaa za nyumbani, iliziacha silaha nje ya mamlaka ya tume hiyo, na idara ya ATF hutoa leseni za biashara ya silaha bila kupima ubora wa bidhaa.

Pengo hilo limezibwa kwa sehemu na jimbo la California. Tangu Januari 2001, bastola haiuzwi kwa raia na wafanyabiashara wa huko hadi aina yake ipimwe katika maabara iliyoidhinishwa. Bastola tatu za aina moja hupigwa risasi 600 kila moja. Risasi 20 za kwanza hazina budi kupita bila hitilafu, hitilafu zote hazipaswi kuzidi sita, na kusiwe na kipande kilichopasuka. Kisha bastola huangushwa juu ya zege kutoka kimo cha mita moja na sentimita moja, katika mikao mbalimbali, ikiwa na ganda lenye kiwashio pekee. Kiwashio kikilipuka, imeshindwa.

Majaribio hayo hufanywa kwa bastola mpya, na wakati wa kupima huweza kusafishwa kila baada ya risasi 100. Iliyokaa mfukoni miaka mitatu haimo katika utaratibu huo. Springi zake huchakaa mapema kuliko za bastola kubwa, na kuzibadilisha kwa wakati, pamoja na kuijaribu silaha kiwanjani kwa risasi zilezile inazobebewa, ni jukumu la mmiliki peke yake.