Mutuba na Ndugu Zake

Mutuba ni mkuyu, na ndio uliowavika Waganda kabla ya pamba. Mwanga wa Pili, Kabaka (mfalme) wa Buganda, alipohamishia makao yake kwenye kilima cha Mengo mwaka 1885, nguo ya gome la mutuba, yaani lubugo, ilikuwa bado kodi, tandiko, pazia na sanda. Hata tawi la ukoo lililo chini ya ssiga, yaani tawi kubwa, huitwa mutuba.

Kuutambua kunataka jicho, kwa kuwa una ndugu wanaofanana nao. Jina lake la kitaalamu, Ficus natalensis, lilitolewa mwaka 1845. Ficus thonningii, jina la ndugu yake wa karibu, lilitangulia mwaka 1836. Miti yote miwili hutoa utomvu mweupe, na mara nyingi huotea juu ya miti mingine. Jani la mutuba kwa kawaida hupanuka kuelekea ncha, lakini majani hubadilika mno. Maua nayo yamejificha: kuyu likipasuliwa, ndani yamesongamana maua madogo kama punje za mtama. Alama ya kutegemewa iko kwenye kitako cha kuyu. Kwa thonningii vigamba vyake hubaki. Kwa mutuba hupukutika mapema. Ndugu wengine hawasumbui. Jani la luwawu hukwaruza kama msasa, na la mukookowe ni kubwa, pana upande wa kikonyo.

Mafundi wa lubugo, hasa wa ukoo wa Ngonge, yaani fisi-maji, hawakusubiri makuyu. Wao walisoma gome, na walitofautisha mituba ambayo kwa mtaalamu wa mimea ni kitu kimoja. Waliweza kwa sababu mutuba hupandwa kwa tawi nene linalochomekwa ardhini, na mti mpya hutoka sawasawa na mzazi wake. Gome likibanduliwa, shina huvishwa majani ya mgomba mpaka lijifunike upya. Lililovunwa hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kuanzia mipana hadi myembamba.

Amerikani, kitambaa cha pamba cha wafanyabiashara wa pwani, iliipunguzia lubugo wavaaji, si heshima. Kabaka Mutesa wa Pili alipopelekwa uhamishoni mwaka 1953, Waganda waliivaa kwa huzuni na upinzani. UNESCO iliutambua ufundi wa kuitengeneza mwaka 2005. Anayetaka mutuba wa nguo asiokote mche porini. Aombe tawi kwa fundi.