Dawa ya Moto

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sikuumwa. Aliyeumwa ni mdogo wangu, mwaka 1979, katika shamba la pamba la baba yetu wilayani Magu. Lakini ung'ongo huo umenishtua mimi maisha yangu yote, na haujapata kunishtua kama ulivyofanya usiku mmoja wa Novemba 1987, nilipokuwa mwanafunzi kusini mwa India, katika mji wa Madras ambao tangu 1996 unaitwa Chennai.

Novemba ni mwezi wa mvua huko. Ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, maji yamejaa uani na umeme umekatika. Kwa ajili ya joto nililala sakafuni juu ya mkeka, kama walivyolala wenyeji wengi. Usiku wa manane niliamka kwa kiu, nikawasha tochi. Shubiri mbili hivi kutoka kwenye mto wangu kulikuwa na kitu cheusi kinachong'aa, kimejikunja, kina mistari myembamba myeupe mgongoni. Nilidhani ni mkanda wangu wa suruali. Kisha mkanda ukasogea.

Nilipiga yowe, tena kwa Kisukuma, lugha ambayo hakuna mtu aliyeijua mtaa ule. Mama mwenye nyumba alikuja mbio na taa ya mafuta, akanikuta nimeinua mwavuli tayari kupiga.

"Usimpige, tambi," alisema. Tambi kwa Kitamili ni mdogo wangu wa kiume. Alichukua ndoo ya bati, akamfunika yule nyoka polepole, akaweka tofali juu ya ndoo, akanituma nikalale chumbani kwa wanawe. Nilikwenda, lakini usingizi haukuja.

Asubuhi aliitwa mzee mmoja mwembamba wa kabila la Wairula. Alifunua ndoo, akamwinua nyoka kwa fimbo, akamtia katika mfuko wa kitambaa kana kwamba anatia viazi. Kijana wa nyumba alinitafsiria maneno yake. Nyoka yule ni kraiti. Hutembea usiku, na huwauma watu waliolala chini. Meno yake ni madogo, na mara nyingi aliyeumwa hasikii maumivu. Huamka alfajiri kope zimemlegea, na baadaye pumzi hukatika. Nilimwuliza mzee atamfanyia nini. Akacheka, akasema atamkamua kama ng'ombe.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kujionea. Njiani kuelekea Mahabalipuram, ndani ya shamba la kufugia mamba, Wairula walikuwa na chama chao cha ushirika. Zamani waliishi kwa kukamata nyoka na kuuza ngozi. Sheria ya kulinda wanyama ya 1972, na marufuku ya kuuza ngozi nje iliyofuata, iliwaacha bila riziki. Mwaka 1978, kwa msaada wa mtaalamu wa nyoka Romulus Whitaker, wakaanzisha ushirika wa kuuza sumu badala ya ngozi. Niliona vyungu vya udongo vimepangwa kwa safu, vimefungwa vitambaa, kila kimoja na nyoka wake. Nyoka alitolewa, akaachwa aume ukingo wa chombo cha kioo, na matone ya rangi ya manjano yakashuka. Alikaa wiki chache tu, akakamuliwa mara kadhaa, akatiwa alama kwenye magamba ya tumbo na kurudishwa porini. Sumu hupelekwa maabara, farasi hudungwa kidogo kidogo mpaka damu yake izoee, na katika damu hiyo hupatikana dawa. Dawa ya moto ni moto.

Nilisimama pale nikamkumbuka mdogo wangu. Aliumwa na kifutu mguuni, saa za jioni. Kwetu Usukumani wapo Bayeye, mafundi wa nyoka, wanaocheza ngoma na chatu shingoni. Baba alimkimbilia mmoja wao. Akachanja, akafunga, akapaka dawa zake. Kesho yake tukampakia mgonjwa kwenye baiskeli hadi hospitali, na hospitali haikuwa na dawa ya nyoka. Alifariki siku ya tatu. Kwa miaka minane nilikuwa nikimlaumu yule Myeye.

Nikauliza: dawa hii ya hapa ingemfaa mtu aliyeumwa na kifutu? Nikajibiwa kwamba haifai. Imetengenezwa kwa nyoka wanne wa India tu. Baadaye, katika kusoma kwangu, nikajua kwamba jambo hilo liliwachanganya hata wakubwa. Mwaka 1891 daktari Mfaransa, Albert Calmette, alikuwa Saigon. Mafuriko yaliwafukuza swila hadi vijijini, watu wakaumwa na wengine wakafa. Aliletewa swila hao, akaanza kuwachunguza. Kufikia 1894 yeye, na wenzake wawili huko Paris, Phisalix na Bertrand, kila upande kivyake, walikuwa wametangaza kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu huweza kumwokoa mwingine. Calmette alidhani dawa ya swila itatibu sumu ya kila nyoka. Vital Brazil, huko São Paulo, alionyesha kwamba sivyo: kila sumu ina dawa yake, na kila nchi budi ishughulike na nyoka wake.

Dawa ya kifutu nayo ilikuwepo. Ilitengenezwa Johannesburg tangu miaka ya 1920, nusu karne kabla ya mdogo wangu kuingia katika lile shamba.

Ndipo nilipoacha kumlaumu Myeye. Alimjua kifutu kama yule mzee wa Kiirula alivyomjua kraiti. Tofauti yao ni kwamba kuna watu walioketi na Wairula, wakaunganisha ujuzi wao na maabara. Mwaka 2023 serikali ya India iliwapa Wairula wawili nishani ya Padma Shri. Myeye wa kwetu alibaki na ngoma yake na lawama zetu. Na ugonjwa wenyewe haujaisha: mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuweka katika orodha ya maradhi ya kitropiki yaliyosahauliwa, na katika India hiyo hiyo yenye dawa, watafiti wamekadiria vifo 58,000 kwa mwaka kati ya 2000 na 2019. Dawa iliyo mbali na shamba ni hadithi tu.

Begani nina kovu dogo la chanjo ya kifua kikuu, BCG. Mdogo wangu alikuwa nalo pia. Herufi ya C katika jina hilo ni ya Calmette, yule yule wa swila wa Saigon. Kazi yake moja ilifika Magu, ikaacha alama katika ngozi ya mtoto wa mkulima. Ile nyingine mdogo wangu aliisubiri siku tatu.